Mti umeangukia fensi ya seng'enge na wavu, waya bado imekaza. Tunaanzia wapi?

MamaNdizi (Kiwira)

Wakuu, poleni na mvua. Mlingoti (mkaratusi) wa jirani umeng'oka na mizizi yake usiku wa kuamkia jana, ukalala juu ya fensi yangu. Upande wa ng'ombe ni seng'enge nyuzi nne kwenye nguzo za mlingoti. Upande wa banda la kuku ni wavu wa cheni linki kwenye nguzo za bomba, na chini yake nilizungushia wavu mwembamba wa kuku.

Nyuzi mbili za seng'enge zimekatika. Mbili bado nzima, ila gogo limezikandamiza mpaka chini, ukizigusa kwa fimbo zinalia. Nguzo ya kona imeinama kuelekea kwenye mti. Cheni linki imetoboka tundu la kupita mbwa.

Vijana wa hapa nyumbani wana panga na mkasi wa nondo, wanasema wakate kila kitu tuanze upya. Mimi hizo nyuzi zinazolia zinanitia wasiwasi. Ng'ombe wako zizini, nawakatia majani kwa mundu pembeni pembeni ya fensi, siwezi kuendelea hivi muda mrefu. Mwenye uzoefu anielekeze.

Kijana wa Mbalizi

Mama hiyo ni kazi ndogo. Kata waya, kata mti, nunua rola mpya, funga ncha nyuma ya pikipiki, vuta mpaka inyooke, piga misumari ya U. Tumefanya hivyo mashamba mengi tu.

Fundi_Uyole

Shikamoo mama. Wazuie hao vijana kwanza, mengine yatafuata.

Kabla ya kugusa chochote inua macho. Kuna nguzo au waya wa TANESCO karibu? Mti ukianguka unaweza kushusha waya wa umeme juu ya fensi, na hapo seng'enge yote, hata mita mia mbili kutoka kwenye mti, inaweza kuwa na umeme. Ukiona hivyo usisogee karibu, usijaribu na fimbo, watu na mifugo wakae mbali, piga simu TANESCO. Ardhi yenyewe ikiwa imelowa, karibu na hapo si salama hata kama hujagusa waya. Kama hakuna umeme, tuendelee.

Watu wanaogopa miba ya seng'enge. Miba inachana ngozi, ndiyo, lakini kinachotoa jicho ni mvutano. Waya iliyokazwa imebeba nguvu, na ikikandamizwa na gogo imebeba zaidi. Ukiikata ghafla inarudi kwa mkupuo kufuata mstari wake, huku inajikunja, na miba yake inakuja nayo. Mtu aliyeinama na mkasi uso wake uko pale pale. Kwa hiyo zile mbili zilizokatika si tatizo kubwa, zimeshamaliza hasira yake. Zinazolia ndizo za kuheshimu.

Utaratibu ni huu: waya ilegezwe kwanza, mti ukatwe baadaye, na ukataji wa waya uwe wa mwisho, tena kama hakuna namna nyingine.

Kulegeza, msianzie kwenye gogo. Nendeni nguzo ya tatu au ya nne kutoka pale, pande zote mbili, mkang'oe misumari ya U mkija taratibu kuelekea kwenye mti. Kila nguzo inayoachia, waya inapata nafasi, kelele inapungua. Msumari wa U ukichomoka unaruka, kwa hiyo miwani ya fundi machoni, na usiuvute ukiwa umeuelekezea uso. Ukimaliza nenda kwenye nguzo ya kona ambako waya imefungwa. Mwenye kikaza waya aibane waya mbele ya fundo, aichukue uzito, ndipo fundo lifunguliwe na waya iachiwe kidogo kidogo.

Kama hakuna kikaza na lazima mkate, kateni karibu kabisa na nguzo ya kona. Kabla ya hapo upande mrefu ushikizwe kwa kamba imara kwenye nguzo inayofuata, na gunia zito lilazwe juu ya waya. Anayekata asimame upande wa pili wa nguzo, nguzo iwe kati yake na waya. Hakuna mtu mwingine kusimama kwenye mstari wa waya. Watoto wabaki ndani, wanapenda sana kuja kuangalia.

Glavu ziwe za ngozi. Zile za kusuka za madukani mwiba unapita kana kwamba hazipo. Mikono mirefu, gambuti, hakuna pete kidoleni, hakuna kitambaa kinachoning'inia shingoni.

Fundi_Uyole

Nimesahau la pikipiki. Mdogo wangu wa Mbalizi, pikipiki haijui waya imefika mwisho. Dereva haoni fundo, anasikia injini tu. Waya ikikatika au fundo likiachia inakuja moja kwa moja mgongoni kwa dereva. Na hata isipokatika, utakuwa umeivuta kupita kiasi na nguzo ya kona itainama tena msimu ujao. Waya inakazwa na kifaa cha mkono ambacho unasikia uzito wake, tena unaachia unapotaka.

Chenso Mafinga

Naongezea la mti, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Fundi ameshasema waya zilegezwe kwanza, mimi nasema tena kwa sababu nimeona watu wakifanya kinyume. Ukikata gogo waya ikiwa bado imekandamizwa, kipande kikiondoka waya inapaa juu na chochote kilicho juu yake, matawi, magome, na wewe mwenyewe ukiwa umetanua miguu juu yake. Pili, mnyororo wa chenso usiguse waya hata kidogo. Unaidaka, unaizungusha, meno yanaruka. Pale gogo lilipolala juu ya seng'enge usikate hapo hapo. Kata mita moja au mbili pande zote, halafu kipande cha katikati mkibiringishe kwa mtarimbo.

Mti ulioanguka na mizizi una mtego mwingine. Ukikata shina, kisiki chenye udongo kinaweza kurudi kusimama kwenye shimo lake. Mtu asikae nyuma ya kisiki wala mtoto asicheze kwenye lile shimo.

Na tafadhali, mkijenga upya msipigilie seng'enge kwenye miti iliyo hai. Mti unanenepa unaimeza waya, kwa nje huoni kitu. Miaka mingi baadaye mtu anaupasua, chenso au msumeno unakutana na chuma. Huku kwetu Mufindi kwenye viwanda vya mbao gogo lililotoka mpakani mwa shamba linaangaliwa kwa jicho baya, na wenye viwanda wana haki.

MamaNdizi (Kiwira)

Ndaga fijo wote. Umeme haupo upande huu, nimehakikisha. Vijana nimewasimamisha, mmoja kanuna.

Hizo nyuzi mbili zilizokatika, naweza kuziunganisha au ninunue mpya? Fensi si ya zamani sana.

Mnyalukolo_Kilolo

Kamwene mama. Jibu linategemea hali ya waya yenyewe. Kunja ncha moja mara mbili tatu kwa plaizi. Kama inakunjika na kunyooka bila kupasuka na bado inang'aa au ina rangi ya majivu, unganisha. Kama ina kutu nyekundu inayomeguka, usihangaike, itakatika pembeni ya fundo mara tu ukiikaza.

Kuna kitu watu wa upande wetu tunakijua kuliko nyie wa Tukuyu mnaonyeshewa mvua mwaka mzima. Waya iliyopitiwa na moto. Mwezi wa nane, wa tisa, majani yakichomwa moto unapita chini ya fensi, nguzo zinaungua kidogo, waya inabaki imesimama na mtu anashukuru Mungu. Lakini ile zinki iliyopakwa juu imeondoka, na chuma chenyewe kimelainika. Mvua mbili tatu inaota kutu yote. Ukiikaza inarefuka badala ya kukaza. Waya ya namna hiyo haitengenezwi, inatolewa.

Fundi_Uyole

Sahihi kabisa. Mama, kuunganisha: kila ncha ifanye kitanzi, kimoja kipite ndani ya kingine, halafu mkia wa kila upande, kama sentimita 15, uuzungushe kwenye waya wake mara nne au tano kwa kubana. Vitanzi vikivutana vinajikaza vyenyewe. Ule mtindo wa kuweka ncha mbili sambamba na kuzisokota pamoja unateleza.

Kwa kufungia usitumie ile waya nyeusi ya kufungia nondo. Haina zinki. Kwa mvua zenu za Rungwe msimu mmoja unaitosha. Wala waya ya shaba iliyotoka kwenye nyaya za umeme, shaba ikigusana na waya ya zinki pakiwa na maji, zinki inaliwa haraka zaidi pale pale kwenye fundo. Nunua waya laini ya zinki. Na ukisikia geji dukani, namba ikiwa kubwa waya ni nyembamba: geji 16 ni nyembamba kuliko geji 12. Wauzaji wengine wanakuuzia 16 kwa maneno ya "imara sana mama".

Nguzo ya kona sasa, kwa sababu ndiyo roho ya fensi. Usiikaze waya kabla hujaisimamisha. Ifukue, ichunguze pale inapokutana na udongo, huko ndiko mlingoti usiotiwa dawa unakooza, juu unaonekana mzima kabisa. Ikiwa mbovu weka nyingine, kina kisipungue sentimita 90. Udongo urudishwe kwa matabaka ya kama sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe kwa mtarimbo kabla ya linalofuata. Watu wanajaza shimo lote halafu wanakanyaga juu kwa gambuti, wanaondoka. Hiyo haijashindiliwa.

Kisha sapoti, ule mti wa mshazari unaoizuia nguzo isiiname. Inakaa upande wa ndani wa kona, kwenye mstari wa waya, inaegemea nguzo juu kidogo ya katikati, na mguu wake ukanyage jiwe la bapa lililozikwa. Kwa kuwa kona ina mistari miwili, sapoti ni mbili. Ukiiegemeza juu sana, waya ikikaza inaing'oa nguzo kutoka ardhini badala ya kuizuia.

Kwenye nguzo za katikati misumari ya U usiigonge mpaka ikaibana waya. Iache waya iteleze kidogo ndani yake, maana ng'ombe akiegemea mvutano unagawanyika fensi nzima. Ukiibana, kipande kimoja ndicho kinabeba ng'ombe wote. Na msumari ukae mshazari, miguu yake isiingie kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mti, utapasua nguzo.

Bwana Mifugo Njombe

Mama, nimesoma mara mbili pale uliposema unakata majani pembeni ya fensi. Acha leo.

Ng'ombe hachambui chakula kwa midomo kama mbuzi. Anavuta, anameza. Kipande cha waya cha sentimita tano, ncha ya seng'enge, msumari wa U, vyote vinakwenda. Vinatua kwenye tumbo la pili, lile lenye vyumba kama sega la nyuki, na hilo tumbo liko jirani kabisa na moyo, kiwambo tu ndicho kinachovitenga. Tumbo likijibana waya inatoboa. Utaona ng'ombe ameacha kula ghafla, maziwa yameshuka kwa siku moja, amesimama mgongo umepinda, viwiko vya mbele ameviweka nje, hataki kuteremka mteremko, na akilala au kuinuka anagumia. Ukiona hivyo mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Zipo sumaku maalumu anazomezeshwa ng'ombe, zinakaa tumboni zinanasa chuma, lakini waya ikishafika kwenye moyo hakuna sumaku.

Kwa hiyo kazi ikiisha, tembeeni na ndoo. Kila kipande kilichokatwa kiingie kwenye ndoo wakati huo huo, siyo "tutaokota jioni". Sumaku ya spika bovu ukiifunga kamba na kuiburuza kwenye majani inaokota usivyoviona. Chini ya ule mti kuna vipande vya nyuzi zilizokatika hakika.

Na kwa watu: aliyechomwa au kuchanwa na waya aoshe jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kisha aende zahanati aulize chanjo ya pepopunda, hata kama tundu ni dogo. Matundu madogo ya kina ndiyo mabaya zaidi, hasa kwenye udongo wa zizi. Msipake oili, majivu wala samadi. Jicho likiingiwa na kipande cha chuma msikitoe wala msisugue. Likingeni bila kulibonyeza, muende hospitali moja kwa moja.

MamaNdizi (Kiwira)

Hilo la majani sikuwahi kulisikia. Nimewabadilishia, wanakula migomba na majani ya upande wa juu.

Sasa cheni linki. Fundi mmoja wa huku anataka kuondoa kipande chote kati ya nguzo na nguzo.

Fundi_Uyole

Anataka kukuuzia wavu. Cheni linki haikufumwa kama mkeka, kila waya imejipinda kama springi na inapanda kutoka chini hadi juu, imejizungusha kwenye jirani yake tu. Kwa hiyo waya moja inatoka peke yake.

Angalia tundu. Hesabu nyaya zilizokatika. Kwa kila moja, nyoosha kikunjo chake cha juu na cha chini pale kilipounganishwa na cha jirani, halafu uishike kwa plaizi juu uizungushe, itapanda ikizunguka mpaka itoke yote. Iliyokatika katikati itoke nusu juu nusu chini. Chukua kipande cha wavu wa ukubwa ule ule wa matundu na unene ule ule, kitoe waya zake kwa namna hiyo hiyo, uzirudishe kwa kuzizungusha kutoka juu kwenda chini. Inapopita inashika ya kushoto na ya kulia. Mwisho kunja ncha. Ukifanya vizuri mtu haoni kiraka.

Wavu nao unavutwa, kwa hiyo kabla ya kutoa waya funga kamba kwenye wavu, kushoto na kulia kwa tundu, zivutane. Bila hivyo ukitoa waya ya mwisho wavu unaachana pande mbili kwa nguvu na hautakubali kurudi. Ncha za juu zikunjwe zielekee chini, mikono ya watoto inapita pale.

Nguzo ya bomba kama imepinda msiinyooshe kwa moto. Bomba la zinki likichomwa au kuchomelewa linatoa moshi mweupe, ukiuvuta unapata homa na kutetemeka usiku. Akichomelea mtu iwe nje, upepo ukimtoka mgongoni, na zinki ikwanguliwe kwanza. Kingine, bomba lililo wazi juu nyuki wanaingia. Gonga kwa fimbo ukiwa mbali kidogo, sikiliza, kabla hujaweka sikio.

Ntuli_Mwakaleli

Kuhusu wavu wa kuku, ule mwembamba unazuia kuku kutoka, hauzuii kicheche kuingia, na mbwa anaupasua kwa meno. Chini mita moja weka weldimeshi, ule wavu mgumu wa nyaya zilizochomelewa, wavu mwembamba ukae juu yake. Kisha kunja sentimita 30 ulale chini upande wa nje, ufunike kwa udongo. Mnyama anachimba pale penye ukuta, anakutana na wavu, hana akili ya kurudi nyuma akachimbe mbali.

Kijana wa Mbalizi

Sawa wazee nimekubali la pikipiki. Ila wezi wa ng'ombe wapo. Nimesikia ukichukua waya kutoka kwenye soketi ukaifunga kwenye seng'enge usiku, asubuhi unachomoa. Kuna aliyejaribu?

Fundi_Uyole

Usifanye. Usimshauri mtu. Hiyo ni kuua, na atakayekufa wa kwanza atakuwa mtoto wako anayekwenda chooni au ng'ombe wako mwenyewe.

Fensi ya umeme halali ina mashine yake. Inatoa pigo fupi sana, kama moja kila sekunde, kisha inaacha, na kwenye kuacha huko ndiko mnyama au mtu anakopata nafasi ya kujitoa. Umeme wa ukutani, volti 230, hauachi. Misuli inakaza unaishika waya badala ya kuiachia. Na hata mashine halali haifungwi kwenye seng'enge, kwa sababu miba inamnasa anayepigwa. Inafungwa kwenye waya laini, na ukitaka kuitengeneza unaizima na kuichomoa kwanza.

Makete_Juu

Na radi. Huku milimani seng'enge ndefu kwenye nguzo za miti inabeba radi mbali sana, ng'ombe wanasimama wamejibana kwenye fensi, zinakufa zote pamoja. Kila baada ya mita 50 hivi pigilia kipande cha nondo au bomba la zinki kwenye udongo unyevu, nyuzi zote ziguse. Mkisikia ngurumo ya kwanza mwache kazi, msisubiri mvua ianze.

Chenso Mafinga

Mama, la jirani. Mti ni wake, fensi yako. Kabla nguzo haijasogea hata hatua moja mwite mwenyekiti wa kitongoji na huyo jirani waone mashimo ya zamani. Fensi ikisharudi ikiwa imehama kidogo mnaanza kesi ya mpaka. Kuhusu magogo ya huo mti, muulize kabla hujayageuza nguzo.

Vipande vya nguzo zile za kijani zilizotiwa dawa kiwandani, kama unazo, visiingie jikoni kabisa. Nyingi dawa yake ina sumu ya aseniki, ukizichoma inatoka kwenye moshi na kubaki kwenye majivu.

MamaNdizi (Kiwira)

Jirani amekubali kuchangia rola. Swali la mwisho, anayeileta ni bodaboda kutoka mjini. Inabebeka?

Fundi_Uyole

Rola ni kilo 20 hadi 25, uzito si tabu. Iviringishwe kwenye gunia mbili, ilale ubapa kwenye keria, ifungwe kwa mpira wa ndani wa gurudumu kwa njia mbili zinazokatana, na pasiwe na abiria nyuma yake. Ikifika msikate zile waya fupi zinazoifunga rola mkiwa mmeikumbatia, ikiachiwa inafumuka. Ilazeni chini, mtu aikanyage kwa gambuti, ikatwe moja moja, halafu mpitishe mtarimbo katikati yake, watu wawili waibebe wakitembea nayo ijifungue yenyewe.

Kijana wa Mbalizi

Mama mwambie bodaboda aniulize mimi, njia ya Uyole naijua na mipira ninayo. Glavu za ngozi ndio sina.